Choo, maji na jiko lisilo na moshi: wito wa harambee kutoka Bagamoyo

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu, jamaa na marafiki mlioko Dunda, Magomeni na Kaole, na ninyi wana Bagamoyo mlioko Dar es Salaam, Unguja na ng'ambo: Assalaam aleykum, Tumsifu Yesu Kristo.

Tunawaandikia kwa niaba ya kamati ya pamoja ya wazazi wa shule yetu ya msingi, wenzetu wanaofanya kazi soko la samaki, na wahudumu wa afya wa mitaa inayolizunguka soko hilo. Tunaomba mtuchangie shilingi milioni 21. Kazi yote ni milioni 25. Milioni 4 tayari zipo benki, zimetoka kwa wazazi, wavuvi na akina mama wakaanga samaki, wengine kwa shilingi 1,000, wengine kwa 500.

Fedha hizi zitafanya kazi sehemu tatu kwa wakati mmoja: shuleni, sokoni na majumbani. Kila tulipokwenda kuomba tumeulizwa kwa nini tusichague moja tuimalize. Jibu letu ni hili: wanafunzi wa shule hii wengi ni watoto wa watu wa soko hili. Mama anatoka nyumbani alfajiri kuwahi mnada, mtoto anakwenda shule, na mchana mtoto anapitia sokoni kumsaidia mama na kula. Jioni wote wanarudi kwenye nyumba moja na choo kimoja. Ugonjwa wa kuhara ukianza kwenye ndoo ya kuoshea samaki, kabla ya wiki kwisha umeshafika darasani. Mtoto akipewa dawa ya minyoo shuleni, dawa inaua minyoo waliomo tumboni. Haiwazuii wapya kuingia kesho yake akikanyaga uchafu uleule. Ukitengeneza sehemu moja ukaacha mbili, umempunguzia mtoto huyo sehemu tu ya hatari, basi.

Tuanze na shule. Ina wasichana 420 na matundu 6 ya choo kwa ajili yao. Mwongozo wa taifa unataka tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25, maana yake wasichana wetu walipaswa kuwa na matundu 21. Tufanye hesabu ya mapumziko ya nusu saa: wasichana 70 kwa kila tundu, kila mmoja anapata chini ya nusu dakika. Haiwezekani. Kwa hiyo wapo wanaojizuia hadi saa ya kutoka, wapo wanaokwenda vichakani, na wapo wanaokimbia nyumbani wasirudi. Mlango mmoja una alama za misumari ya komeo lakini komeo lenyewe halipo. Msichana akiingia, mwenzake anasimama nje na kushikilia khanga mlangoni. Ndani hakuna maji. Msichana aliye katika siku zake atafanya nini humo? Wengi wanajibu swali hilo kwa kubaki nyumbani, mwezi hadi mwezi, na mwisho wa mwaka tunashangaa matokeo yao.

Tunataka kujenga matundu 10 mapya, shimo lijengwe kwa tofali hadi chini kwa sababu ardhi yetu ya mchanga hubomoka wakati wa masika, pamoja na chumba cha kujisitiri chenye maji, kioo, ndoo ya taka yenye mfuniko na kichomea taka nyuma yake. Matundu ni milioni 11, chumba na kichomea taka milioni 2.5. Tukimaliza wasichana watakuwa na matundu 16. Bado hayatatosha, na hatutawaficha hilo, lakini hakuna atakayelazimika kukimbia nyumbani.

Maji ya bomba yapo siku fulani na siku nyingine hayapo, na choo kisicho na maji hugeuka kuwa hatari nyingine. Hapa mvua itatusaidia. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1 ya maji. Paa la madarasa tuliyochagua lina mita za mraba zipatazo 200, kwa hiyo mvua moja nzuri ya milimita 25 inamwaga juu yake lita 5,000, na leo zote zinaishia uwanjani. Tukifunga gata na simtanki 2 za lita 5,000, masika na vuli zitatupa maji ya kunawia na kuoshea vyoo, kwa shilingi milioni 3. Maji haya hayatakuwa ya kunywa. Ni ya mikono, na mikono ndiyo tunayoipigania: kunawa kwa sabuni kunapunguza magonjwa ya kuhara kwa karibu theluthi moja. Vibuyu chirizi vilivyopo sasa watoto wamevitengeneza wenyewe kwa madumu na kamba, na vinafanya kazi vizuri, ila mwalimu wa afya analazimika kubeba maji ya kuvijaza.

Shule ikiwa na mazingira mazuri inaokoa maisha, na tumeliona hilo. Tangu 2018 wasichana nchini wanapata chanjo ya kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi, na wengi wanaipatia shuleni. Hakuna mahali pengine ambapo mhudumu wa afya anaweza kuwakuta mamia ya watoto wamekaa kwa utulivu asubuhi moja.

Sasa soko. Anayepita pale kununua changu au dagaa anakaa nusu saa, anaondoka. Akina mama wanaokaanga samaki wanakaa pale kuanzia asubuhi hadi jua linazama. Wengi wao hawanywi maji mchana kutwa, kwenye joto la moto na jua la pwani, kwa sababu wakinywa watahitaji choo, na choo cha kwenda hakuna isipokuwa kwa kubembeleza nyumba za jirani. Wanaumwa njia ya mkojo, wanatibiwa, wanarudi kulekule. Muuguzi mmoja alituambia anawajua kwa majina. Wanaume wa soko huenda ufukweni, na mawimbi hurudisha kila kitu pale samaki wanapoteremshwa.

Tazameni pia moshi. Kikaango kinakaa juu ya mafiga matatu, kuni zikiwa mbichi moshi unakwenda moja kwa moja usoni, na mara nyingi mgongoni kuna mtoto mchanga aliyefungwa kwa khanga. Mama anafuta machozi kwa kiwiko, mtoto anakohoa. Moshi wa kuni huongeza hatari ya nimonia kwa watoto wadogo na magonjwa sugu ya mapafu kwa mtu mzima anayeuvuta miaka na miaka. Tumeshazoea kuyaita mafua. Mafundi wa hapa wanajua kujenga jiko banifu la tofali lenye bomba la kutolea moshi juu, linalobeba kikaango kikubwa na kula kuni chache. Majiko 6 yatagharimu milioni 2.4, na akina mama wenyewe wamekubali kuyatumia kwa zamu. Choo cha soko chenye matundu 4, sehemu ya kunawia na meza ya zege ya kuparia samaki ni milioni 5.5. Gharama ya kukisafisha italipwa kutokana na kiingilio kidogo ambacho watu wa soko wamejipangia.

Na kuna wanaume. Mvuvi haendi kupima presha. Akirudi na samaki anauza, akikosa analala. Lakini presha haimngoji mtu ahisi maumivu. Mtu anaweza kutembea na 160 juu ya 100 kwa miaka bila dalili yoyote, siku moja anaanguka chomboni, na nyumbani wanasema amerushiwa jini. Kwa hiyo mashine zitakwenda kwake. Mara moja kwa mwezi, saa ya kusubiri mnada, muuguzi na mhudumu wa afya watakaa pale wapime kila anayetaka, na atakayekutwa na kipimo cha kuanzia 140 juu ya 90 atapimwa tena siku nyingine na kuelekezwa hospitali. Mashine 2, mizani, kipaza sauti na mabegi ya wahudumu ni shilingi 600,000.

Wahudumu hao ndio sehemu ya tatu. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanatazama choo, wanauliza kadi za chanjo, wanawafundisha mama na bibi kutengeneza maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, kwa mtoto anayeharisha wakati anapelekwa kituoni. Watawasaidia wenye nyumba kufunika mashimo ya vyoo na kuzibua mitaro, kwa sababu matende na mabusha tunayajua sisi watu wa Pwani kuliko wengi. Yanaenezwa na mbu, na miongoni mwao ni kuleksi, anayependa kuzaa kwenye maji machafu. Kila mtaa wetu una mzee aliyeacha kuvuta nyavu kwa sababu ya ugonjwa huu na kujifungia ndani kwa aibu. Hana la kuonea aibu.

Wenzetu wengine, na tunawaheshimu, walisema fedha hizi ziongezewe kwenye jengo la zahanati. Tulijadili kwa muda mrefu. Zahanati inahitajika, na siku ya kuichangia ikifika tutakuwa wa kwanza. Lakini foleni ya zahanati inajazwa na choo cha shule, ndoo ya soko na shimo lililo wazi nyuma ya nyumba. Agosti 2015 kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam na kusambaa sehemu kubwa ya nchi, vitanda pekee havikukizuia. Kipindupindu kinakatwa na maji safi, choo na mikono.

Tena watu wa Bagamoyo hawajaanza leo kuifanyia kazi afya ya wote. Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, watu karibu milioni 2 nchini walipokaa kwa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakainuka na majembe kuchimba vyoo. Na kati ya 2009 na 2014, chanjo ya malaria ya RTS,S ilipofanyiwa majaribio makubwa katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, kituo kimoja kilikuwa hapa kwetu na kingine Korogwe. Wazazi wa mji huu waliwabeba watoto wao wakawapeleka. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa maeneo yenye malaria. Mji uliowafanyia hivyo watoto wa bara zima hauwezi kushindwa kuwawekea watoto wake komeo la mlango.

Kuhusu michango yenyewe. Ni ya hiari. Hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani wala kusomwa jina mstarini kwa sababu mzazi wake hakutoa. Elimu ni bila malipo na itabaki hivyo. Akaunti ina watia saini watatu: mwalimu mkuu, mwakilishi wa soko na mjumbe wa wazazi. Namba ya akaunti na lipa namba zimebandikwa ofisi ya mwalimu mkuu na ofisi ya serikali ya mtaa. Hapa hatukuziandika kwa makusudi, kwa sababu matapeli huchukua matangazo kama haya wakabadilisha namba. Walio mbali, mwulizeni ndugu yenu aliyeko hapa azisome kwenye ubao na kuwatumia. Kila anayetoa atapewa risiti, na kila mwisho wa mwezi orodha ya mapato na matumizi itabandikwa palepale, hadi bei ya msumari.

Asiye na fedha tunamhitaji pia. Tunatafuta mchanga, kokoto, tofali, mabati, mwenye kirikuu atakayebeba mzigo mara moja, na mafundi watakaotoa siku yao. Aliyesoma shule hii akiwa mdogo, ambaye leo ana kazi yake, tunamwomba aanze na tundu moja: shilingi milioni 1.1. Madarasa ya miaka ya zamani yanaweza kujikusanya na kuchukua simtanki moja.

Harambee itafanyika Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa 3 asubuhi, uwanja wa shule. Sheikh na padri wamekubali kuifungua pamoja kwa dua na sala. Uchimbaji wa shimo utaanza siku hiyohiyo saa 5, kwa hiyo mwenye jembe, sururu au beleshi aje nalo, na akina mama wa soko wameahidi uji na samaki kwa watakaochimba.

Kamati ya pamoja ya wazazi, soko na wahudumu wa afya
Bagamoyo