Mkaguzi akija aulize na usingizi

Mhariri, naomba nafasi kidogo, nina dukuduku langu. Kila 28 Aprili ni Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, fulana mpya, mabango, mgeni rasmi anahutubia, kesho yake tunarudi kiwandani na usalama wenyewe ni ule ule wa buti, helmeti na mtungi wa kuzimia moto. Sipondi, buti zimeokoa miguu ya watu wengi tu. Ila huyo aliyeivaa hiyo buti, kichwani mwake yukoje? Hilo kwenye ukaguzi sijawahi kusikia likiulizwa.

Mimi ni opereta kiwanda kimoja hapa Dar, jina naliacha maana bado nakula hapo. Mwaka jana mwenzetu alinaswa mkono na rola, vidole viwili vikaenda. Yeye akapelekwa hospitali, mambo ya fidia yakaanza, hapo nawapa haki yao. Lakini yule dogo aliyekuwa naye, aliyezima mashine na kuutoa ule mkono, supavaiza alimwambia kanawe damu urudi, oda ya watu inatoka kesho. Tangu hapo ukipita nyuma yake anaruka, mara azime mashine bila sababu, mara asahau kurudishia kava. Watu wakaanza, ooh anavuta bangi, ooh kalogwa kwao, kumbe mtu hapati usingizi, akifumba macho anaiona ile rola. Afisa utumishi naye dawa yake barua ya onyo.

Sasa jamani, mtu hajalala wiki nzima unamsimamisha kwenye mashine, hiyo nayo si hatari ya kuandikwa kama waya uliochubuka?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka tupimwe afya, kabla ya kuanza kazi na baada ya hapo kila kipindi. Na tunapimwa kweli, masikio, mapafu, unapuliza kile kidude basi unasaini unaondoka. Daktari si yuko mbele yako hapo hapo, akiuliza unalalaje na kuna kitu umekiona kazini kinakusumbua itamchukua dakika ngapi? Na kwa mabosi wanaoelewa lugha ya hela tu, Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walisema 2022 kwamba sonona na wasiwasi vinapoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka duniani.

OSHA, nyie wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, ninachoomba si kikubwa. Ajali ikitokea walioshuhudia nao waandikwe, wapumzishwe hata siku chache, wapate mtu wa kuongea naye ambaye sio bosi wao, maana nani atamwambia afisa utumishi kwamba anaogopa mashine wakati mkataba wenyewe ni wa miezi mitatu mitatu, si unajitafutia kufukuzwa? Na uharaka upo, dogo ana barua mbili tayari, kwetu ya tatu ndo ya kwaheri.

Opereta wa shifti ya usiku,
Dar es Salaam