Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Nyumba Zetu za Mji wa Kale, Mombasa

Assalamu alaikum ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu na vijana mliokuja.

Hesabu za mwaka mtasomewa na mweka hazina. Mimi nitazungumzia nyumba, na waliokaa ndani yake.

Kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu ni ya chokaa. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu wa bahari kisha ukautoa. Ukipigwa saruji, unyevu hubaki ndani. Hilo tumelishuhudia mtaani Kibokoni. Fundi aligonga plasta ya saruji kwa mpini wa nyundo, ikalia kama debe tupu, kisha ikabanduka kipande kizima. Nyuma yake jiwe lilikuwa limegeuka unga wa kuchotwa kwa kidole, na vichwa vya boriti mbili vimeoza. Mwenye nyumba si mkaidi. Aliambiwa saruji ndiyo imara, akaamini. Saruji yote imeondolewa na ukuta umepakwa chokaa. Nawasihi, kabla ya kumwita fundi, iteni kamati kwanza.

Roshani za Ndia Kuu bado zina hali mbaya. Mbao nzuri ni ghali, na hatujapata njia ya kuwasaidia wenye nyumba wasio na uwezo.

Sasa niingie kwenye jambo lililonikaa moyoni. Mgeni akija, huonyeshwa Ngome ya Yesu iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, kisha hushushwa Leven House, jina lililotokana na manowari ya Kiingereza iliyotia nanga hapa miaka ya 1820. Ni haki aonyeshwe. Lakini mtaa wetu wa Kuze hupitishwa mbio, kana kwamba hapakukaa mtu.

Kuze ndiko alikozaliwa mshairi Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo, na ndiko alikozaliwa nduguye, mshairi Abdilatif Abdalla, mwaka 1946. Abdilatif alifungwa 1969 kwa waraka wa kuuliza Kenya inaelekea wapi. Akiwa kifungoni aliandika mashairi kwenye karatasi za chooni. Yalipochapishwa 1973, yakatwaa tuzo iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Mashairi ya Ahmad Nassir yaliimbwa na binamu yake, Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki 2014, na mpaka leo ukipita jioni utaisikia sauti yake dirishani. Mji huu huu ulikuwa wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alifia Marekani 2014 akarudishwa kuzikwa kwenye makaburi ya jamaa zake, karibu na Ngome.

Watu hawa walikuwa na milango, na baraza walizokalia. Wazee wetu wanazijua: hapa alisomea Kurani, pale alikuwa akinywa kahawa baada ya Alasiri. Hakuna aliyeyaandika mambo haya. Mkumbukeni Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa. Alifariki kama 1840, na tungo zake zilikaa midomoni mwa watu karibu nusu karne mpaka Mwalimu Sikujua alipomsaidia mmisionari Mwingereza, William Taylor, kuzikusanya. Mwalimu Sikujua alikuwa na wazee wa kuwauliza. Sisi pia tunao, ila kila mwaka tunasindikiza wengine makaburini.

Kwa hiyo kamati inaleta ombi moja mbele yenu: fungu dogo la ada ya mwaka ujao litengwe kununua daftari na kinasa sauti, na baadaye kutengeneza vibao vya mbao vya kutundikwa mlangoni, kwa ridhaa ya wenye nyumba. Kibao kitakuwa na jina, miaka, na alichokifanya mtu huyo. Sitaki kibao kitundikwe kwa kusikia tu. Wazee wawili washuhudie kila nyumba, na wakitofautiana tungoje.

Mkikubali, tutaanzia Kuze Jumamosi ya kwanza baada ya mkutano huu, saa kumi alasiri, mlango kwa mlango. Anayetaka kufuatana nasi aandikishe jina kwa katibu kabla hajatoka, na mwenye mzee nyumbani asiyeweza kutembea atuambie, tutamfuata alipo.