Mwanangu, tafuta futi kabla hujafungua chupa

Assalaam alaykum mwanangu. Picha ya zile chupa tatu za dawa ya minyoo ya ng'ombe nimeipata jana usiku, nimeikuza mpaka simu ikaganda, mwisho mamako ndo kanisomea maana mie jicho bado lina bandeji. Umeuliza ipi bora. Jirani kakwambia albendazole, mililita 10 kila ndama, ndivo anavofanya miaka yote, na kijana wa dukani kakwambia chukua ya sindano hiyo ndo kiboko, inaua mpaka kupe. Wote wawili hawajakudanganya sana, ila hakuna hata mmoja alokuuliza ndama wako ana kilo ngapi.

Basi nenda kwa bibi'ko kamuazime futi yake ya cherehani. Mzungushie ndama kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, usikaze wala usilegeze, halafu pima urefu toka ncha ya bega mpaka ule mfupa wa nyuma karibu na mkia. Sentimita za kifua zidisha kwa hizo hizo, zidisha tena kwa urefu, kisha gawa kwa 10,840, kikokotoo kimo humo humo kwenye simu. Tuseme yule mwekundu kifua 100 urefu 90, unapata kama kilo 83. Mie kwa macho haya hata yakiwa mazima ningekwambia 60.

Sasa irudie picha yako. Chupa ya albendazole uliyoshika imeandikwa asilimia 2.5, maana yake kila mili moja ina miligramu 25. Dukani kuna nyengine ya asilimia 10, jina lile lile, nyeupe vile vile kama tui, na hiyo mili moja ina miligramu 100. Kwa minyoo ya tumbo ng'ombe anataka miligramu 7.5 kwa kila kilo, kwa hiyo huyo wa kilo 83 ya asilimia 10 atakunywa mili 6 na kidogo na hii yako ya 2.5 atakunywa mili 25. Ukimpa 10 za jirani kutoka chupa hiyo umempa hata nusu haifiki, minyoo dhaifu itakufa, ile sugu inabaki inazaana, mwakani mnasema dawa feki. Mie mwenyewe nimepima kwa kifuniko cha soda miaka mingapi, nnajua ninachokwambia.

Haya, ipi. Wale wawili tunaowafunga bondeni pembeni ya mpunga wanakula majani ya majimaji, na mule mna konokono, na konokono ndo nyumba ya minyoo ya ini. Ile sindano ya ivermectin haigusi minyoo ya ini wala tegu, hata ukiinunua bei gani. Levamisole, hiyo chupa ya tatu, ni ya minyoo ya mviringo ya tumbo na mapafu basi, na ukiizidisha utamuona ndama anatetemeka anatoa mate. Albendazole, ndugu wa kile kidonge mlichokuwa mkitafunishwa skuli, ndo inapita kote. Ila kwa minyoo ya ini kipimo kinapanda, miligramu 10 kwa kilo, mwekundu anafika mili 33, na hapo inaua ile iliyokwishakomaa tu. Ile michanga inayotembea ndani ya ini haiiwezi, nayo inachukua miezi mitatu na zaidi kukomaa. Kwa hivyo wape saivi, kamba uihamishie juu kwenye mikarafuu, na mwezi wa kumi unawarudia.

Yule mchanga wa wiki tatu usimuache eti hajaanza majani. Kuna minyoo mikubwa inapita kwenye maziwa ya mama yake, ukiona mavi yana rangi ya udongo na harufu ya kuchusha ndo hiyo. Mpime naye, umpe kwa hesabu ya 7.5.

Mtamba mweusi kanenepa, manyoya yanang'ara, mwache. Najua utaona kama ubaguzi, ila minyoo yake haijaonja dawa, na mayai yake yakichanganyika malishoni inatusaidia ile sugu isitawale peke yake. Wa kutibiwa utawajua, mfunue kope la chini, ndani pakiwa peupe kama karatasi au chini ya taya pamevimba kama kaficha embe, huyo damu imenyonywa. Lakini akiwa na homa na tezi za chini ya sikio zimemtoka, usikimbilie chupa, hiyo inaweza kuwa ndigana, ile homa inayoletwa na kupe, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo.

Kunywesha nako. Wewe ulikuwa mdogo hukumbuki, tulikuwa na ndama wa kike mzuri sana, mie nikamuinua kichwa juu kama mtu anayejaza mtungi nikamimina yote mara moja, akakohoa, nikasema atazoea, siku ya tatu akafa. Dawa ilikwenda mapafuni. Kichwa kiwe sawa na mgongo, bomba bila sindano ulipitishe pembeni ya mdomo juu ya ulimi, toa kidogo, subiri ameze, toa tena. Akikohoa muachie kichwa. Mili 33 si za haraka.

Yule ng'ombe mkubwa aliyepandwa mwezi uliopita usimguse na albendazole, mimba changa inaweza kuharibika. Na ile sindano asichomwe anayekamuliwa, maziwa yale watu wanakunywa. Irudishe dukani kabla hujaifungua, akikataa kurudisha pesa mwambie abadilishe na chupa nyengine ya albendazole maana hiyo moja haitoshi, na usome asilimia kabla hujatoka pale mlangoni.

Uzito wa kila mmoja uandike kwenye daftari unipigie picha kabla hujawanywesha, mamako atanisomea. Na futi ya bibi'ko uioshe kwa sabuni kabla hujairudisha, ana nguo za arusi anashona.