Yah: Bango la mwanangu lililokanyagwa getini

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa klabu,
Nakala: Mkuu wa usalama uwanjani

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili makusudi. Tafsiri ya Kiingereza, ambayo kijana wangu mkubwa ameifanya, imo ndani ya bahasha hii hii. Sababu mtaiona.

Naomba kwanza muelewe kwamba sijaandika kwa ajili ya matokeo. Tumefungwa mechi tisa za raga mfululizo, na nane kati ya hizo nilikuwepo kwa miguu yangu. Ile ya Perpignan niliifuatilia kwenye simu nikiwa zamu ya usiku, nikigeuza wazee kitandani huku roho iko Ufaransa. Nimeona tukipewa mpira tukauangusha kabla hatujakabwa hata mara mbili. Nimeona mpinzani akipiga trai ya nane, yaani akiuweka mpira chini nyuma ya mstari wetu mara ya nane, na watu wetu wakianza kushuka ngazi kabla ya dakika ya sitini. Sijashuka. Raga ni mchezo, na kufungwa kumo ndani yake. Klabu ya Wakefield mwaka 2023 ilishuka daraja baada ya msimu wa kuliza watu, na mwaka 2024 wakanyanyua Kombe la 1895, la klabu zilizo nje ya ligi kuu, pale Wembley, wakachukua na ubingwa wa Championship, ligi ya daraja la pili. Mashabiki waliokuwepo siku za kilio ndio waliokuwepo siku ile. Mimi nilitaka kuwa miongoni mwa watu wa namna hiyo kwenu.

Ninalolalamikia ni lililotokea Ijumaa, geti la mashariki, kama saa moja na nusu usiku, nusu saa kabla ya mechi.

Binti yangu ana miaka 10. Alikuja na bango alilolitengeneza mwenyewe kwa katoni la ndizi, limeandikwa BADO TUPO kwa rangi za klabu. Msimamizi wenu wa getini alimuuliza limeandikwa nini. Nikamjibu, kwa Kiingereza kinachoeleweka, kwamba maana yake ni kuwa hatujaondoka, tungali pamoja na timu. Akasema yeye hana namna ya kujua kama nasema kweli, na kwamba maandishi yasiyosomeka hayaingii uwanjani. Akalichukua bango mikononi mwa mtoto, akalikunja gotini, na lilipokataa kuingia kwenye pipa akaliweka chini akalikanyaga mpaka likaingia. Kanuni zenu za mabango mmeziandika wenyewe na mnazijua, sina haja ya kuwasomea.

Jumatatu nilipiga simu ofisini. Nilisubiri dakika arobaini. Dada aliyepokea alikuwa na adabu, simlaumu, lakini alichoniambia ni kwamba hakuna taarifa yoyote ya tukio. Hakuna taarifa. Maana yake yule kijana alimaliza kazi yake usiku ule akaona hakuna cha kuandika. Jumatano nikatuma baruapepe, na jibu lililokuja ni lile linalojituma lenyewe. Alhamisi, ndugu Mkurugenzi, ikaja barua nyingine kutoka kwenu, hiyo imeandikwa na mtu, inanishukuru kwa uaminifu wangu kipindi hiki kigumu na kunihimiza nilipie tiketi ya msimu ujao kabla bei haijapanda. Tiketi tatu. Mnajua jina langu, mnajua viti vyetu, mnajua siku ambayo kadi yangu ya benki inaisha muda. Lakini kwamba mwanangu alilia kwenye geti lenu, hilo hamna taarifa.

Niwaambie nimefikaje kwenye jukwaa hilo. Sikuzaliwa na raga, mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye mpira wa miguu. Mwaka 2009 nilikuwa namhudumia mzee mmoja kwenye nyumba ya wazee, mchimba makaa ya mawe mstaafu, mapafu yamekwisha, na kila siku ya mechi alitaka nimfunge skafu ya klabu shingoni hata kama hatoki kitandani. Yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu kukabwa mara sita, ambazo timu ikizimaliza inauachia mpira. Yeye ndiye aliyenieleza habari za hoteli ya George kule Huddersfield, Agosti 1895, klabu 22 za kaskazini zilipojitenga na chama cha raga cha Uingereza kwa sababu mchimba makaa na mfanyakazi wa kiwanda cha nguo walikuwa wanapoteza ujira wa siku wakienda kucheza, na wakubwa hawakutaka walipwe fidia hata shilingi 6. "Mchezo huu ni wa watu wanaofanya kazi kwa zamu," aliniambia. Nami nafanya kazi kwa zamu. Alipofariki, wanawe wakanipa ile skafu. Niliivaa Ijumaa. Yule msimamizi aliiona, ilikuwa mbele ya macho yake.

Na hapa lazima nirudi getini, maana nilipoeleza pale juu nilijizuia.

Mvua ilikuwa ya manyunyu. Mwanangu alikuwa amelifunika bango kwa mfuko wa nailoni njia nzima kwenye basi, asiruhusu mtu aliguse, kwa sababu rangi ya herufi P ilikuwa haijakauka vizuri. Alilifunua tulipofika kwenye foleni ili walinzi walione. Alikuwa anatabasamu. Mbele yetu, watu wawili hivi, kulikuwa na wanaume wamebeba shuka la kitanda, shuka zima, limeandikwa kwa Kiingereza kwamba kocha aondoke, pamoja na neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Shuka lile lilipita. Msimamizi wenu alilishika pembeni akasaidia lisinase kwenye chuma cha geti. Kisha akatugeukia sisi. Nilimfafanulia mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia mtoto aseme mwenyewe, na akasema, kwa Kiingereza cha hapa hapa alikozaliwa: maana yake bado tuko hapa. Msimamizi akamwangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Hamuwezi kuja na lugha zenu humu." Lugha zenu! Halafu ndipo akalivuta. Mtoto hakuliachia mara moja, ikabidi alivute tena. Lilipokunjwa gotini lilitoa mlio, na lilipokanyagwa, ile P mbichi ikagandana na soli ya kiatu chake, akawa anatembea nayo, rangi ya klabu yenu, akiifuta kwenye ukingo wa ngazi.

Mwanangu akaniuliza, "Mama, nimekosea kuandika?"

Hakukosea. Hata herufi moja hakukosea. Tuliingia, tukakaa mpaka mwisho, 46 kwa 6, na kwa mara ya kwanza hakuuliza kama tutasubiri wachezaji waje kupeana mikono.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba kitu kimoja tu: barua ya kumwomba radhi binti yangu, yeye, siyo mimi, iliyosainiwa na mkono wa binadamu. Hilo bado naliomba na ndilo la kwanza. Lakini nimekaa na barua hii siku mbili na nimeisoma tena ile ya tiketi, na sasa naongeza.

Nataka yule msimamizi aondolewe geti la mashariki mpaka mtakapokuwa mmechunguza. Nataka mnieleze kwa maandishi ni kanuni gani iliyoruhusu lile shuka na kukataa lile katoni. Nataka nirudishiwe fedha za mechi zilizobaki kwa tiketi zote tatu. Jumatatu nilimwambia dada wa simu kwamba sitaki hela, na siku ile nilisema kweli. Sasa nazitaka. Nataka pia picha za kamera ya getini za kuanzia saa moja na robo hadi saa mbili kasoro robo usiku ule. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inawapa mwezi mmoja kujibu, na barua hii ndiyo ombi langu rasmi. Msizifute. Mkizifuta nitajua, na hakimu atajua.

Maana nimeuliza, na nimejibiwa na mtu anayejua. Sheria ya Usawa ya 2010 inahusu pia geti la uwanja, na nina miezi sita kasoro siku moja ya kufungua shauri mahakamani. Sitangoja iishe. Nisipopata jibu la maana ndani ya siku 14, nakala ya barua hii na tafsiri yake inakwenda kwa wasimamizi wa mchezo, nyingine kwa mbunge wetu, nyingine kwa gazeti la mji. Tangu msimu wa 2025 klabu zinapangwa daraja kwa alama za tathmini ya klabu nzima, siyo kwa matokeo ya uwanjani peke yake, na sisi tunaokuja kujaza majukwaa tumo ndani ya alama hizo. Mnatuhitaji hata kwenye karatasi. Hilo mnalijua kuliko mimi.

Tiketi za msimu ujao sijalipia. Mechi ijayo ya nyumbani ni Ijumaa ya wiki ijayo. Tutakuja, kwa sababu zilizobaki tumeshazilipia na bado hamjarudisha fedha. Mwanangu hakutaka kutengeneza bango jingine, kwa hiyo nimelitengeneza mimi. Ni katoni la ndizi, maneno ni yale yale, na tutapita geti lile lile.

Mama wa mtoto mwenye bango,
Jukwaa la mashariki, tiketi tatu za msimu tangu 2017, na moja yangu kabla ya hapo.