Mliniuzia nyota tano, mkanyamazia mfuko wa hewa

Kwa Meneja Mkuu,
Yadi ya Magari,
Mombasa.

Bwana Meneja,

KUH: MFUKO WA HEWA (AIRBAGI) WENYE KASORO KATIKA SEDANI YA MWAKA 2011 NILIYOINUNUA KWENU SEPTEMBA 2018

Nimekuja yadini kwenu mara tatu na mara zote nimerudi mikono mitupu. Ya kwanza niliambiwa nisubiri, ya pili mkubwa alikuwa ametoka, na ya tatu kijana wenu wa mauzo akanituliza hivi: "Mama, hiyo ni airbagi tu, wewe endesha pole pole." Kwa matatu zetu hizi, pole pole yangu haimzuii mwingine kuja kunigonga. Ndiyo maana naandika.

Siku niliyonunua, kijana huyo huyo alinionyesha karatasi mliyoibandika kwenye kioo cha mbele, yenye nyota tano za usalama. Nilikuwa natafuta gari la kupelekea watoto shuleni, kutoka Kisauni hadi mjini, kila siku ya Mungu juu ya daraja la Nyali. Nyota zile ndizo zilizonitoa pesa. Sikuuliza ni za nani, na hilo ni kosa langu.

Sasa nimeuliza. Ni za NHTSA, shirika la serikali ya Marekani la usalama barabarani, na zilitolewa kwa gari la jina hilo linalouzwa kule, lenye usukani wa kushoto. Langu liliundwa kwa soko la Japani. Isitoshe, jaribio lao la mgongano wa mbele hugongesha gari jipya ukutani kwa kasi ya kilomita 56 kwa saa. Matokeo yake hayawezi kunieleza hali ya gari lililokwisha kutumika miaka saba. Hata magari mapya yenye sifa yaliaibika mtihani ulipobadilika: mwaka 2012 IIHS, taasisi ya Marekani inayogharimiwa na kampuni za bima, ilianza kugongesha robo tu ya upande wa mbele, na katika sedani 18 za familia za ukubwa wa wastani ni mbili tu zilizopata alama ya juu kabisa. Kwa hiyo karatasi yenu ilikuwa pambo.

Nyota ningewasamehe. Lisilosameheka nililigundua nilipotaka kuliuza gari. Mnunuzi, mtu makini, aliingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji. Jibu likaja kwamba gari limo kwenye agizo la kurejeshwa likarekebishwe kwa sababu ya mfuko wa hewa wa Takata, kampuni ya Kijapani iliyotengeneza mifuko hiyo, na kazi hiyo haijafanywa. Mnunuzi akaniaga kwa adabu, na sikumwona tena.

Hili si jambo la juzi kwamba mseme halikuwafikia. Magari ya kwanza yaliitwa yarejeshwe mwaka 2008. Takata ilikiri kosa mahakamani Marekani Februari 2017 na kuomba kufilisika Juni mwaka huo huo, mwaka mzima na zaidi kabla hamjaniuzia. Marekani peke yake mifuko milioni 67 iliingia kwenye agizo hilo, na kule watu zaidi ya 25 wamekufa. Ndani ya usukani kuna kikopo cha chuma chenye amonia naitreti, kemikali inayowaka ili kuujaza mfuko gesi. Ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu huharibika, na siku ya ajali huwaka kwa kasi kupita kiasi. Kikopo hupasuka, vipande vya chuma vikaruka hadi shingoni na usoni mwa dereva. Kwa sababu hiyo Marekani ilitanguliza majimbo ya joto na unyevu kama Florida. Bwana Meneja, unaijua hewa ya Mombasa, hasa kaskazi ikivuma, na gari limeanikwa juani mchana kutwa.

Tena kuanzia Mei 2018 Japani yenyewe iliacha kuyapitisha kwenye ukaguzi wa lazima magari yenye mifuko ya Takata ya hatari ambayo haijabadilishwa. Gari lisiloruhusiwa kuendelea na barabara za kwao, ninyi mkaliosha, mkalibandika nyota, mkaniuzia.

Nilipowaambia haya, mlinielekeza kwenye tovuti ya Wamarekani nijihakikishie. Tovuti ile hutaka namba yenye tarakimu na herufi 17. Chesisi ya gari la soko la Japani haina urefu huo, kwa hiyo haikubali hata kusoma. Muuza magari ya Japani asiyelijua hilo ananitia wasiwasi kuliko anayelijua akanyamaza. Na cheti cha ukaguzi wa kabla ya kupakiwa melini mlichonipungia kinahusu ubovu unaoonekana na mionzi. Hakuna aliyefungua usukani.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya kupata habari za kuniwezesha kuitumia bidhaa ipasavyo, haki ya kulindwa afya na usalama wangu, na fidia nikipata hasara. Nataka mbadilishe kikopo hicho kwa kipya cha mtengenezaji, kwa gharama yenu, na mnipe hati ya kazi hiyo. Mkishindwa, chukueni gari lenu mnirudishie pesa. Nataka pia muwapigie simu wote mliowauzia magari ya aina hii. Mna daftari lao, nimeliona mezani kwenu.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii, kisha nitakwenda mahakamani. Nimeambatisha nakala ya stakabadhi, ya logibuku na ya ukurasa ule wa Kijapani pamoja na tafsiri yake. Gari lipo uani, limefunikwa turubai. Watoto wanakwenda shule kwa tuktuk, na nauli ya kila siku naiandika.

Wenu,
Mteja wa Kisauni