Tasnifu za anthropolojia ziwafikie wenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalonikera tangu nianze kusomea shahada ya uzamili katika anthropolojia, taaluma ya kuchunguza maisha na utamaduni wa jamii. Kwa miezi mitatu nimekaa na wavuvi wa Gazi, Kaunti ya Kwale, nikiwatazama wakisuka madema, yaani mitego ya samaki, na kuwasikiliza wakibishana iwapo maji ni ya bamvua (yanayojaa na kupwa sana) au ni maji mafu (yanayojaa na kupwa kidogo), kwani hilo ndilo huamua nani atatoka na dema litegwe wapi. Mahojiano yote yalikuwa ya Kiswahili. Tasnifu, hata hivyo, sharti niiandike kwa Kiingereza, na itawekwa katika maktaba ambayo wavuvi hao hawataikanyaga.

Mzee mmoja, ufito mkononi, aliniuliza kwa upole: "Mwanangu, waliokutangulia nao waliandika, ya kwetu yako wapi?" Sikuwa na jibu.

Jomo Kenyatta, aliyesomea taaluma hii London chini ya mwanaanthropolojia mashuhuri Bronisław Malinowski na kuchapisha kitabu chake kuhusu Wagikuyu mwaka 1938, alithibitisha kwamba Mwafrika anaweza kuwaeleza walimwengu habari za jamii yake. Kuirudishia jamii yenyewe habari hizo ni deni ambalo bado hatujalilipa.

Sidai vyuo vikuu viache Kiingereza (ningejinyima shahada!). Naomba tu kila mtahiniwa, kabla ya kuhitimu, atakiwe kuandika muhtasari wa Kiswahili wa kurasa 20 hivi, na nakala ikabidhiwe kijiji kilichompokea.

Mwanafunzi wa uzamili,
Mombasa