Mashimo ya zabibu yachimbwe na waliowahi namba

Mhariri,

Binti yangu yuko Kidato cha Pili katika shule ya sekondari ya kata, nje kidogo ya Jiji la Dodoma, upande wa barabara ya Iringa. Juzi alirudi na daftari la Kilimo. Kurasa tatu amenakili ubaoni habari za kupogoa, na mchoro wa mkasi ameupiga kwa rula, safi kabisa. Nikamwambia twende shambani anionyeshe. Akacheka: "Baba, hiyo ni ya mtihani."

Nyumbani tunalima zabibu. Mzabibu wa huku hukatwa mara mbili kwa mwaka, na baada ya miezi minne hivi tunavuna. Ukiacha macho mengi, yale yanayochipua matawi, utavuna majani. Ukikata hovyo, umelala njaa msimu mzima. Jicho la kubakiza hulijui kwa chaki, unalijua kwa kidole: unalibonyeza kidogo, unasikia limenona au limekauka. Mwanangu ameona haya tangu anatambaa, ila shuleni hayahesabiki kuwa elimu.

Na shamba la shule lipo! Liko nyuma ya madarasa, limejaa mbigili. Wanafunzi huingia humo kwa sababu moja tu, kuchelewa namba, ile ya kuhesabiwa asubuhi. Mwalimu wa zamu anampimia mtoto hatua zake, anapewa jembe, analima na sare yake hadi vumbi linaingia masikioni. Saa nne mtoto huyohuyo anaketi darasani kuambiwa kilimo ni ajira. Nani ataamini? Mwalimu wa Kilimo simlaumu, maana yuko peke yake na Biolojia ya vidato vyote anafundisha yeye.

Tukiuliza, tunajibiwa kwamba shule yetu ni ya mkondo wa jumla. Mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi za mikono, ulioanza Januari 2024 umepelekwa kwenye shule chache kwanza, nasi tusubiri karakana. Kwa umeme na uchomeleaji nakubali, mashine ni ghali. Zabibu inataka karakana gani? Inataka nguzo, waya, maji, salfa ya kupulizia ubwiri (ugonjwa wa ukungu), na mtu mwenye mkasi. Miche na utaalamu viko hapahapa mkoani, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora. Ukipanda mtoto anapoanza Kidato cha Kwanza, kabla hajafika cha Nne ameshavuna kwa mkono wake, ameuza, na Elimu ya Biashara ameielewa bila kukariri.

Naharakisha kwa sababu nyingine. Kwa kuwa mtaala mpya wa msingi unaishia darasa la sita, Januari 2028 watoto wa darasa la sita na wa darasa la saba wataingia Kidato cha Kwanza pamoja. Wakati huo kila kiongozi atakuwa anahesabu madawati na matundu ya vyoo, na ni haki yake. Shamba hatalikumbuka mtu.

Nilikwenda shuleni kujitolea nusu siku kwa wiki, bila posho. Nikaambiwa niandike barua. Niliandika tangu mvua hazijaanza, sijajibiwa, ndiyo maana naandika hii ya pili kwako. Pingili za kupanda nitatoa mwenyewe nikishakata shamba langu. Naomba tu mashimo yachimbwe na wale waliowahi namba.

Mzazi na mkulima wa zabibu,
Dodoma